Kiwiko Kwenye Beseni

4 Februari

Mamdogo,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Wewe mwenyewe ulisema simu hutaki, eti nikiwa kwenye simu nasema "ndiyo, ndiyo" huku naosha beseni. Na kweli nilikuwa naosha beseni. Basi naandika. Nimekaa kwenye kiti chako, kile kifupi chenye mguu uliofungwa mpira, na saluni haijafunguliwa.

Wiki ya tatu sasa tangu uniachie kona ya miguu ukaenda kulea mjukuu. Msusi anasema natembea kama mtu aliyepewa uwaziri. Mwache aseme. Kila mteja ana pakiti yake: msasa mpya, kijiti kipya, taulo lake. Tukimaliza, msasa unaingia pipani mbele ya macho yake, asije akapata la kusema. Vyuma naviosha kwanza kwa sabuni na brashi, vinalala kwenye dawa mpaka saa ya ukutani iniruhusu, ndipo vinaingia kwenye mashine ya joto. Beseni nalivika mfuko mpya kila mara. Jana mama mmoja alitaka nimkwangue kisigino kwa wembe. Nikamwambia wembe huku haujawahi kuingia tangu enzi za mama yangu mdogo. Akanuna, nikamsugua kwa jiwe taratibu, akaondoka anajiangalia visigino kwenye kioo cha mlangoni.

Kitu kimoja tu nimebadilisha, na usinipige. Kile kiwiko chako cha kupimia moto wa maji. Bosi anasema haipendezi mtu kutumbukiza kiwiko kitupu kwenye maji ya mteja, na mimi naona ana haki. Tunavaa glavu mwanzo hadi mwisho, halafu kiwiko kinatokea wapi? Sasa hivi navaa glavu mbili mbili, moja juu ya nyingine. Maji namwuliza mteja mwenyewe: yanatosha? Akisema yanatosha, yanatosha. Mguu ni wake.

Mwalimu wako mstaafu alipita Jumanne. Hakukaa, alikuja kunikagua tu kama daftari la darasa la pili. Akauliza, "Mwenzangu anakula vizuri huko?" Nikamwambia anakula. Unakula?

Na miguu yako je? Umeshika miguu ya watu miaka ishirini na miwili, na mimi uliyenilea tangu darasa la tatu sijawahi kuona yako bila soksi.

Mwanao,
Kidole

17 Februari

Kidole,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nimemsomea mke wa kaka yako jikoni na akacheka pale pa uwaziri. Mimi mzima. Mjukuu mzima, ana meno mawili mapya na ulimi wa mtu mzima. Nakula vizuri, mwambie huyo Mwalimu aache umbea.

Umenifurahisha kwa wembe. Lakini usijisifu mapema, nina maswali. Je, unaangalia mguu kabla ya kuugusa? Si kuangalia tu rangi ya zamani, nasema kuangalia: katikati ya vidole, chini ya unyayo, kwenye kona za kucha. Ukiona kidonda, ukiona fangasi, ukiona uvimbe, funga beseni lako na umwambie kwa adabu aende zahanati kwanza. Kucha ikate moja kwa moja, usifuate kona ndani kama panya. Ngozi ya kwenye shina la kucha irudishe tu nyuma, usiikate, hata mteja akikuonyesha picha. Na ukimpaka mafuta usiweke katikati ya vidole, pakiwa na unyevu pale panaoza.

Sasa kiwiko. Kirudishe. Sitaki kusikia habari za Bosi. Kioshe kwa sabuni kama unavyoosha mikono, pima, ndipo uvae glavu zako, hata kumi ukitaka. Kwa nini? Kwa sababu mimi nimesema. Ni fasheni yangu, na wateja wameizoea.

Soksi navaa kwa sababu huku kuna baridi. Na huko nilikuwa navaa kwa sababu nilikuwa na haya. Umeridhika?

Ni mimi,
Mama yako Mdogo

9 Machi

Mamdogo,

Shikamoo. Hii ni fupi, kazi imebana. Wote wazima. Msusi mzima, Bosi mzima, kiti chako kizima. Mwalimu Jumanne hii hakuja, nadhani amesafiri. Kiwiko nimekirudisha.

Nina swali la haraka. Kuna dada mmoja wa saluni ya nyuma yetu, simjui sana, kamchoma mteja kwa maji. Si sana. Malengelenge tu juu ya mguu, ukubwa wa sarafu. Sarafu tatu. Cha ajabu mteja hakupiga kelele wala hakutoa mguu, alikaa anasimulia habari zake mpaka mwisho. Sasa huyo dada anauliza kidonda cha namna hiyo huchukua siku ngapi, na kama mtu anaweza kupoteza mguu kwa ajili yake. Ni yeye anayeuliza.

Mwanao,
Kidole

15 Machi

Kidole,

Nyuma ya saluni yetu hakuna saluni. Kuna fundi viatu na ukuta wa shule.

Ni Mwalimu. Nimejua nilipofika pale uliposema hakutoa mguu. Nimekaa na barua yako mapajani mpaka chai ikapoa.

Kwanza sikiliza ya kufanya, kulia utalia baadaye. Nenda nyumbani kwake leo. Usitume mtu, usipeleke matunda na maneno matamu, mpelekee ukweli. Mwambie, "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuchoma." Atasema si kitu. Usimkubalie. Mchukue mpaka kliniki, kaa naye kwenye foleni. Asipake dawa ya meno, asipake mafuta ya kupikia, malengelenge asiyapasue. Na kama ngozi imebadilika rangi au kuna harufu, msisubiri foleni, piteni moja kwa moja kwa nesi, hata watu wakiguna.

Sasa langu. Mwalimu ana kisukari, mwaka wa kumi huu. Miguu yake haihisi moto wala baridi, ungeweza kumweka kwenye barafu akakuambia yako sawa kabisa. Mimi nilijua. Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu alistaafu kwa heshima na hakutaka kuitwa mgonjwa mtaani, nami nikaapa. Nilipokukabidhi beseni, taulo, koleo na kiti, hilo sikukukabidhi. Nikakuambia ni fasheni. Kidole, mwanangu, maji ulimwaga wewe lakini kosa tumegawana, na kipande kikubwa ni changu. Nisamehe.

Niandikie ukirudi. Usinifiche tena hata kidogo, moyo wangu si wa chuma.

Huku hatuna raha nasi, nyumba nzima inatafuta hereni ya mjukuu, kile kipini cha dhahabu alichopewa na bibi yake wa upande wa pili. Tumeinua magodoro. Mimi nimepekua pipa la takataka kwa mikono yangu. Hakuna.

Mama yako Mdogo

20 Machi

Mamdogo,

Shikamoo. Nimekwenda. Nitakuambia yote, kaa vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Barua yako ya kiwiko nilikuwa nimeisoma asubuhi ile ile na kuitia mfukoni. Nikasema nitaanza wiki ijayo, leo Bosi yupo. Birika lilikuwa limechemka, nikachanganya na maji ya bomba kwa haraka. Nilitia mkono, Mamdogo, sikuacha kupima! Lakini glavu mbili. Nilihisi uvuguvugu tu. Nikamwuliza, "Yanatosha, Mwalimu?" Akasema, "Yako sawa kabisa, mwanangu." Nikageuka kupanga vyuma. Nilipogeuka tena mguu ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, na yeye ananisimulia habari za mwanafunzi wake aliyewahi kujificha kabatini. Nilimtoa, nikammwagia maji ya baridi muda mrefu, akanishangaa kwa nini nalia. Nilikuwa safi kuliko watu wote wa mtaa ule, na nikamchoma mtu.

Nyumbani kwake hakufungua mara ya kwanza. Niliongea na mlango. Nikauambia mlango kila kitu. Mara ya pili akafungua akasema, "Ingia, majirani wanasikia." Alikuwa ameufunga mguu kwa kitambaa cha kichwa. Tulikaa kliniki toka asubuhi mpaka saa nane. Nesi alimkaripia yeye, akanikaripia mimi, akatuambia tumshukuru Mungu mfupa haujaguswa. Naenda naye kubadilisha bandeji kila baada ya siku mbili. Bosi kanitoa kwenye kiti, nafagia nywele. Nastahili.

Sasa nikuulize wewe. Kwenye foleni Mwalimu aliniambia, "Mama yako mdogo na mimi tulifahamiana kwenye benchi hili hili. Kila mmoja alisema kamsindikiza jirani. Wiki ya tatu tukaulizana, hivi majirani zetu mbona hawaonekani?" Alicheka sana. Kisha akaona uso wangu akaacha kucheka.

Kwa hiyo nawe una kisukari, na ile chai yako bila sukari haikuwa kwa ajili ya meno kama ulivyoniambia. Na kiwiko hakikuwa kwa ajili ya Mwalimu peke yake. Ni vidole vyako, Mamdogo. Vidole vyako havihisi. Umeniandikia "usinifiche tena hata kidogo" kwa mkono huo huo!

Nimekasirika na nakupenda, vyote kwa pamoja, sijui nianze na kipi. Nani anakukagua miguu huko? Najua huwezi kuinama. Chukua kile kioo cha kaka cha kunyolea, kiweke sakafuni penye mwanga, vua soksi, inua unyayo juu yake uangalie. Nyayo zote mbili. Kisha niandikie ulichoona, si unachotaka nisikie.

Mwanao,
Kidole

25 Machi

Kidole,

Mwalimu ana mdomo! Miaka kumi nimetunza siri yake kama yai, yeye ameitoa yangu kwenye benchi kwa sababu ya foleni. Mwambie nimemkasirikia. Mwambie pia nimemkumbuka.

Haya. Ulichotaka ndicho hiki. Sikuondoka huko kwa sababu ya mjukuu. Niliondoka kwa sababu ya yule dada wa benki, mwenye kucha nzito. Nilikuwa nampigia hadithi, mkono unakwenda wenyewe kama kawaida, akasema, "Mama, damu." Nikaangalia, koleo limeingia kwenye nyama na taulo limelowa. Sikuhisi chochote. Nilimfunga, nikamwomba radhi, nikavichemsha vyuma vyote na kuvisafisha mara mbili, na jioni ile nikamwambia Bosi naenda kulea mjukuu. Kazi niliyoipenda kuliko chakula, nikaiacha kwa uongo wa dakika moja. Niliona haya kukuambia. Wewe ulikuwa unaniangalia kama mtu asiyekosea.

Sasa kioo. Nilikiweka mlangoni asubuhi, walipotoka wote. Mguu wa kushoto mzima. Wa kulia soksi ilikataa kutoka, imegandia. Nililowesha, nikavuta polepole. Chini ya kidole kikubwa kuna shimo, Kidole. Si kubwa, lakini lina kina, na pembeni pamekuwa peupe kama ngozi ya samaki. Nikachungulia ndani ya kiatu changu cha nyumbani, kile cha kitambaa. Hereni. Imezama kwenye soli ya ndani, ncha yake imesimama juu. Nyumba nzima tuliitafuta, na mimi nilikuwa mbele yao, nainua magodoro huku nimeikanyaga. Siku zote hizo nilikuwa natembea juu yake.

Soksi nyeusi hazisemi kitu, na nafua mwenyewe. Nimeosha kwa sabuni, nimefunga kitambaa safi. Sijamwambia mtu hapa, wewe ndiye wa kwanza. Hereni nimeificha kwenye kikopo cha chumvi. Nitamwambiaje mke wa kaka yako kwamba dhahabu ya mtoto wake ilikuwa kwenye mguu wangu na sikujua?

Mimi ninaogopa. Yule jirani wa chumba cha mwisho alikatwa mguu kwa kidonda kidogo kuliko hiki.

Mama yako Mdogo

27 Machi

Mamdogo,

Sina muda wa salamu. Barua yako imefika saa nne, saa nne na dakika mbili nimempigia kaka. Najua utanikasirikia, kasirika. Anatoka kazini sasa hivi aje kukuchukua, na ukiisoma hii utakuwa umeshaonwa na daktari. Wifi amelia kwenye simu. Si kwa sababu ya hereni, Mamdogo. Kaniambia, "Tunakaa nyumba moja na hakuniambia."

Usiukanyagie huo mguu. Usivae kile kiatu. Vidonge wakikupa, meza mpaka mwisho.

Nimeomba ruhusa kwa Bosi nije Ijumaa. Kabla hajajibu Mwalimu akaingia, na bandeji yake na fimbo. Akasimama katikati ya saluni, wateja wamejaa, akasema kwa sauti ile ya darasani: "Huyu binti aliniuliza, mimi nikajibu uongo. Nina kisukari na miguu yangu haihisi. Mrudishieni kiti chake." Msusi aliangusha kitana. Bosi kanirudishia kiti, kanunua na kipimajoto cha maji, na kwenye daftari la wateja tumeongeza swali moja: miguu yako inahisi? Mwalimu ndiye wa kwanza kuandika, kwa mwandiko wa ubaoni.

Kipimajoto kizuri. Lakini kiwiko nakiosha na kukitia vilevile.

Nakuja. Nakuja na beseni.

Kidole wako

14 Aprili

Kidole,

Umeondoka jana, na leo bado nakuta vitu umevipanga. Nani kakwambia soksi zangu nyeusi zitolewe sadaka? Sasa nina soksi nyeupe sita kama mchezaji mpira.

Nesi amebadilisha bandeji asubuhi. Kidonda kimeanza kujifunga kutokea ndani, anasema ndivyo kinavyotakiwa. Akasema, "Mguu unabaki, mama." Nikamwomba arudie. Akarudia. Mke wa kaka yako alikuwa pembeni yangu, tukashikana mikono kama wasichana. Kila jioni sasa ananikagua nyayo kwa tochi ya simu, na mjukuu anashika kioo na hereni zake mbili masikioni. Ile moja ilisafishwa mpaka nikahofia itayeyuka.

Nina jambo nilishindwa kukwambia ukiwa hapa, nalisema kwa kalamu.

Siku ile ulipotandaza taulo jeupe sebuleni na kuniketisha, ukaniambia mguu wenye kidonda hauingii majini, tutaosha ule mzima tu, na haraka, hakuna kuloweka, nilitaka kukucheka maana maneno hayo yote ni yangu. Kisha ukakunja mkono wa gauni, ukaosha kiwiko kwa sabuni mpaka juu, ukakitia kwenye beseni ukatulia. Ukahesabu moyoni, niliona midomo yako. Ukaushika mguu wangu. Ukauliza, "Unahisi, Mamdogo?" Nikasema, "Nahisi."

Nilikudanganya. Sikuhisi kitu. Wala maji, wala mkono wako. Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa umeniinulia uso kama ulipokuwa darasa la tatu.

Usilie, sijamaliza. Miaka ishirini na miwili nimeona wateja wangu wakifumba macho nikiwashika miguu. Mwalimu alikuwa hata anakoroma. Mimi sikufumba. Nilikutazama muda wote. Nilikuona unavyopitisha taulo katikati ya kila kidole bila kuruka hata kimoja, unavyopulizia pale penye ngozi laini, unavyoushusha mguu chini kana kwamba umelala usingizi na hutaki kuuamsha. Hakuna mtu aliyewahi kuniosha miguu tangu mama yetu, mimi na mama yako, alipokuwa akituogesha kwenye beseni moja. Nimeona kila kitu, na nimefurahi mpaka sikuweza kunywa chai.

Sasa fungua daftari lako la wateja, ukurasa mpya. Jina, andika Mama Mdogo. Pale penye swali, niandikie: haihisi. Halafu niwekee siku mwezi ujao, mapema, kabla hujachoka.

Ni mimi,
Mama yako Mdogo